Reli ya Kale juu ya Sitaha: Habari za Kuchukuana kwa Kipya na cha Awali katika Ziwa Victoria

I

Liko tatizo moja katika kazi za ufundi ambalo ni kongwe kuliko mashine nyingi zinazotuzunguka leo, nalo ni hili: chombo kinapojengwa upya, wale waliozoea kukitumia kwa namna ya awali watafanyiwa nini? Fundi wa kompyuta hulikabili kila siku. Apangapo upya viendeshi, yaani zile programu ambazo kwazo mfumo endeshi husemezana na diski, kinanda na vifaa vinginevyo, hana budi kuangalia kwamba programu zilizoandikwa miaka 10 au 20 iliyopita hazikatiwi njia. Lakini fundi wa reli, nahodha wa meli na mtunga kamusi nao walilikabili jambo hilo hilo kabla yake. Makala hii ina nia ya kulieleza kwa mfano ulio karibu nasi, wa reli na meli zinazokutana katika bandari ya Mwanza, kisha kuuliza mfano huo unatufundisha nini sisi tunaoshughulika na lugha.

Kwanza yafaa tulitafutie jambo lenyewe jina. Atakayelifasiri neno kwa neno kutoka lugha za kigeni atapata kitu kama "upatanifu wa nyuma", maneno ambayo kwa Mswahili hayana maana iliyo wazi, kwa kuwa kilicho nyuma aghalabu ni kile kilichoachwa. Kiswahili kinacho kitenzi chake chenyewe, nacho ni kuchukuana. Vitu viwili huchukuana vikiwa vinafaana, kimoja kisikatae kingine. Tena kitenzi hicho kina ndugu yake, kuchukuliana, ambacho husemwa juu ya watu wanaovumiliana. Maana zote mbili zitatufaa, maana katika habari tutakazozisimulia, kufaana kwa vyuma hakukuwako kamwe pasipo watu kuvumiliana. Basi tutasema kwamba kipya "huchukuana na cha awali", na tutaona ni kwa gharama gani.

II

Asili ya habari hii ni kipimo kimoja, milimeta 1,000. Huo ndio upana wa reli iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa, ikafika pwani ya Ziwa Victoria mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Kipimo hicho kilikuwa kimekwisha kuzoewa katika Bara Hindi, na huko ndiko walikotoka wafanyakazi wengi na sehemu kubwa ya vifaa. Hivyo reli ya kwanza kufika katika Ziwa ilikuwa tayari inachukuana na reli nyingine iliyokuwa ng'ambo ya bahari.

Wadachi nao, katika upande wao, walianza reli ya Tanga mwaka 1893, na Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Reli hii ya pili ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Zote mbili zilikuwa za upana wa meta moja. Hapakuwa na mapatano baina ya mataifa hayo mawili kwamba magari yao yaje yaendeshwe katika njia moja, walikuwa washindani. Walakini vita ilipokuja, ilidhihirika kwamba washindani hao walikuwa wamejenga nusu mbili za kitu kimoja. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipotandika reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Moshi, njia hiyo iliungana na reli ya Tanga pale Kahe pasipo kubadili taruma hata moja.

Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928. Kwa hiyo Ziwa likawa na reli mbili za kipimo kimoja, moja ikiishia Kisumu na moja Mwanza, na baina yao maji. Mwaka 1948 zote ziliwekwa chini ya shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1963 kiungo cha Ruvu na Mnyusi kikaiunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga, na kwa njia hiyo na Kenya. Lakini kwa mtu wa Mwanza, njia hiyo ya nchi kavu ilikuwa mzunguko wa kwenda hadi karibu na pwani ya bahari kisha kurudi tena bara. Njia fupi ilikuwa ile aliyoiona kila siku mbele ya macho yake.

III

Msafiri avukaye kutoka Kamanga, katika upande wa Sengerema, kwenda mjini Mwanza, huona namna mbili za kuvusha vitu majini. Namna ya kwanza ni kivuko alichopanda yeye mwenyewe. Kivuko hicho hushusha ulimi wake wa chuma juu ya nchi kavu, na kila chenye magurudumu hupita: lori jipya, gari bovu, baiskeli, mkokoteni wa samaki. Ulimi hauulizi chombo kilitengenezwa mwaka gani. Sharti lake ni moja tu, kiweze kupanda mteremko.

Namna ya pili iko Mwanza Kusini, nayo ina masharti makali zaidi. Katikati ya miaka ya 1960 shirika la reli lilizipokea meli mbili zilizotengenezwa na kiwanda cha Yarrow huko Glasgow, zikapewa majina ya wakati wake, Umoja na Uhuru. Meli hizi hazikujengwa ili zipakie mizigo kwa winchi. Juu ya sitaha zao zilitandikwa reli za upana wa meta moja, na katika bandari yakajengwa madaraja ya chuma yenye reli za upana huo huo. Meli hurudi kinyumenyume hata tezi lake lishikane na daraja, reli za nchi kavu zikaelekeana na reli za sitahani, na mabehewa yakasukumwa ndani pamoja na mizigo yake. Huko ng'ambo, Kisumu, Jinja au Port Bell, kazi hiyo hufanyika kwa kinyume chake, na behewa likaendelea na safari kana kwamba halikupita majini.

Ugumu wa daraja hilo hauko katika chuma chake. Maji ya Ziwa hupanda na kushuka mwaka hata mwaka, na meli hudidimia kwa kadiri mabehewa yanavyoingia. Kwa hiyo daraja limefanywa liweze kuinuka na kuinama, upande mmoja ukitulia juu ya ardhi isiyosogea, na upande wa pili ukiifuata meli isiyotulia. Ndani ya meli mtambo waweza kubadilishwa, rangi yaweza kupakwa upya, na bendera yaweza kuwa nyingine. Kitu kimoja tu ndicho kisichoruhusiwa kubadilika, nacho ni pale reli inapokutana na reli.

Jambo hilo lilijaribiwa kwa nguvu mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Shirika la reli liligawanyika mara tatu. Umoja ilibaki Tanzania, Uhuru ilibaki Kenya, na mpaka wa nchi hizo mbili ukafungwa hadi mwaka 1983. Majina ya meli yakawa kama kejeli. Hata hivyo hakuna nchi iliyong'oa reli katika sitaha yake. Uganda ilipojipatia meli zake za mabehewa katika miaka ya 1980, Kabalega, Pamba na Kaawa, zilijengwa kwa kipimo kile kile na kwa madaraja yale yale. Serikali zilikuwa hazichukuliani, lakini vyuma viliendelea kuchukuana. Mwaka 2018, baada ya kusimama miaka mingi, Umoja ilianza tena kupeleka mabehewa Port Bell. Haikuhitajika kujenga kipimo kipya; ilitosha kuitengeneza meli na kuisafisha njia.

IV

Siyo kila mahali mambo yalikwenda hivyo, na yafaa kuitazama mifano iliyo kinyume.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimeta 1,067 na urefu wa kilometa 1,860. Wajenzi wake hawakukosea kipimo. Walichagua kuchukuana na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika, na kwa kufanya hivyo wakaacha kuchukuana na Reli ya Kati. Tofauti ni milimeta 67, chini ya upana wa kiganja cha mtu mzima, lakini inatosha kulizuia behewa kabisa. Pale Kidatu, ambako njia hizi mbili zinakutana, kilifunguliwa mwaka 1998 kituo cha kuhamishia mizigo, ili kontena iinuliwe kutoka behewa moja na kuwekwa juu ya jingine. Kwa hiyo swali la kweli aghalabu siyo kama kipya kitachukuana na cha awali au la. Swali ni: cha awali kipi, na cha nani?

Mfano wa pili ni wa wale waliojaribu kuchukuana na kitu ambacho hakijawako. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock huko Manchester kilitengeneza vichwa 34 vya treni vya daraja la 59, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Vichwa hivyo vilisanifiwa kwa namna ambayo vingeweza kubadilishwa ili viende juu ya reli ya milimeta 1,067, endapo siku moja reli zetu zingeungana na za kusini kwa kipimo hicho. Siku hiyo haikufika. Vichwa viliondolewa kazini vikiwa bado na upana wa meta moja. Kuandaa njia ya kesho si kosa, ila kesho haina mtu aliyekwisha kuitegemea, jana inaye.

Mfano wa tatu ni wa zama zetu hizi, nao ni reli ya upana wa milimeta 1,435. Kenya ilifungua njia ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, ikaiendeleza hadi karibu na Naivasha mwaka 2019. Kwa kuwa njia mpya iliishia hapo, kilijengwa kipande kifupi cha reli ya meta moja cha kuipeleka mizigo Longonot, ili ishike njia ya kale ya kwenda Malaba. Tanzania ilianza ujenzi wake mwaka 2017, na treni za umeme zikaanza kuchukua abiria hadi Morogoro mwezi wa Juni 2024, na hadi Dodoma baada ya wiki chache. Hapa njia iliyochaguliwa ni ya kujenga kipya kando ya cha kale. Reli ya meta moja haikung'olewa. Bali kipande chake cha kilometa 970 kutoka Dar es Salaam hadi Isaka kilikarabatiwa.

Ujenzi wa kipande cha reli mpya baina ya Mwanza na Isaka ulizinduliwa mwezi wa Juni 2021. Na hapo ndipo habari inaporudi kwenye daraja letu la Mwanza Kusini. Reli mpya itakapofika gatini, itakuta meli zenye reli za meta moja juu ya sitaha, na ng'ambo itakuta Port Bell iliyounganishwa na Kampala kwa kipimo hicho hicho cha kale. Behewa jipya halitaingia melini. Wakubwa wa reli watakuwa na hiari ya kuhamisha mizigo kama Kidatu, au kuidumisha njia ya kale kando ya mpya hadi gatini, au kutandika reli nyingine sitahani. Kila hiari ina gharama yake, na gharama hiyo italipwa na mtu: mkulima wa pamba, mwenye duka la saruji, au mlipa kodi. Kuvunja cha awali hakufuti gharama. Huihamisha tu kutoka kwa mjenzi kwenda kwa mtumiaji.

V

Mtu aliyeyafahamu haya hatapata shida kufahamu mambo ya mfumo endeshi. Katika mfumo uitwao Linux iko sheria inayotetewa kwa ukali na mwanzilishi wake, Linus Torvalds: programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi jana isivunjwe na badiliko la leo. Lakini sheria hiyo inahusu mahali pa makutano tu. Ndani ya kiini, viendeshi hupangwa upya mara kwa mara, na hakuna aliyeahidiwa kwamba njia za ndani zitabaki kama zilivyo. Ni sawasawa na meli ya Umoja: mtambo wako huru kubadilishwa, reli ya sitahani haiko huru.

Hata zile namna tulizoziona zinapatikana humo. Viendeshi vya kale vya sauti vilipobadilishwa kwa mfumo mpya, iliwekwa tabaka ya kati iliyozipokea programu za kale kwa lugha yao na kuzihamishia kwenye mpya. Hiyo ni Kidatu. Viendeshi vya kale vya diski vilikaa kando ya vipya kwa muda upatao miaka 15, kabla ya kuondolewa mwaka 2021. Hiyo ni Reli ya Kati kando ya reli ya umeme. Katika badiliko hilo la diski limo jambo litakalompendeza mwanaisimu. Kazi ya diski haikubadilika, lakini jina lake lilibadilika, kwa kuwa jina la awali lilifuata aina ya kiendeshi: diski iliyoitwa hda ikawa sda. Mitambo iliyokuwa imeandika jina la kale katika orodha zake ilishindwa kuwaka. Ile iliyoiita diski kwa alama yake yenyewe, isiyotegemea kiendeshi, haikupata dhara. Jina ndilo lililokuwa mahali pa makutano, na wengi hawakulijua hilo hata lilipovunjika.

VI

Tukija sasa kwenye lugha, tutaona kwamba Kiswahili kimefanya kazi hii kwa muda mrefu, mara nyingi kwa busara kuliko mafundi wake. Neno meli lilitoka katika neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa vyombo vilivyozileta ndivyo vilivyoitwa hivyo. Leo meli nyingi hazichukui barua hata moja, na jina halijakatika. Gari la moshi liliendelea kuitwa hivyo na wengi hata baada ya mitambo ya mvuke kuondoka, na leo yuko mzee aliyepanda gari la moshi lisilo na moshi kabisa kwenda Dodoma. Kivuko, kwa maumbile ya neno, ni mahali pa kuvukia; kisha kikawa pia chombo chenyewe, na mtu wa Kamanga hutumia maana zote mbili, na pantoni pia, wala hapotei njia. Maneno haya yamebadilishwa mtambo wa ndani, makutano yake na msemaji yakabaki.

Tena ngeli zetu ni daraja bora kuliko la Mwanza Kusini. Neno la Kiarabu lilipoingia likawa kitabu, lilipewa vitabu katika wingi, kana kwamba silabi yake ya kwanza ilikuwa yetu tangu mwanzo. Kiendeshi, neno la juzi, lina viendeshi vyake na upatanisho wake wote bila kuomba ruhusa. Sarufi haikubadilishwa ili kumpokea mgeni. Mgeni alipewa mahali penye kipimo kinachojulikana.

Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilijua jambo hili kwa sehemu. Ilipoisanifisha tahajia, haikuanza na ukurasa mtupu. Kamusi yake ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ilijengwa juu ya ile ya Madan ya mwaka 1903. Mwenye kukizoea kitabu cha zamani aliweza kukifikia kipya. Lakini liko daraja moja ambalo halikujengwa. Tahajia iliyosanifishwa ilikuwa ya herufi za Kirumi, na waliosoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa karne kadhaa za tenzi, nyaraka na hesabu za biashara, walijikuta katika macho ya ofisi kana kwamba hawajui kusoma. Hati zao hazikuchomwa. Ziliachwa tu upande wa pili wa maji. Tunawiwa shukrani kwa wale waliozikusanya, na orodha ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970, iliyozihesabu zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni miongoni mwa kazi hizo. Lakini orodha ni gati bila chombo. Wanafunzi wetu wengi wa Kiswahili humaliza shahada wasiweze kuisoma hata barua moja ya hati hizo.

Kwa hiyo tunaleta mbele ya wasomaji mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba kila istilahi mpya ishikapo mahali pa istilahi ya awali, kamusi isiifute ile ya kwanza, bali iiweke mahali pake pa alfabeti na kumwelekeza msomaji kwenye mpya, pamoja na mwaka wa badiliko. Kazi hiyo hugharimu mstari mmoja wa chapa. Kuiacha humgharimu msomaji kitabu kizima. La pili ni kwamba kusoma hati za Kiarabu kuwe somo la lazima kwa kila atakayehitimu katika lugha hii, maana hilo ndilo daraja letu lililochelewa.

Mafundi waliotandika reli juu ya sitaha ya Umoja hawakuwa wakiyaabudu mambo ya kale. Walitaka behewa lililopakiwa Mwanza lifike Kampala bila kufunguliwa. Nasi tunataka neno lililoandikwa na mtu wa zamani limfikie msomaji wa leo kwa hali hiyo hiyo.